ULIMI WA REDIO: JE, MTANGAZAJI AADHIBIWE KWA MANENO YAKE?

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima

Wale walio na karatasi hii mkononi na wafuate kwa kidole, polepole. Neno likiwa gumu, litieni alama. Mwisho wa somo tutalieleza.

Somo la leo lahusu chombo hiki hiki mnachokisikiliza, yaani redio, na watu wasemao ndani yake.

Swali letu

Mtu akikutukana sokoni, wasikiao ni wewe na wachache walio karibu. Waweza kumjibu, waweza kumpeleka kwa wazee, au waweza kwenda zako. Lakini mtu akikutukana redioni, husikiwa na maelfu ya watu kwa mara moja, wala wewe huna mahali pa kumjibia. Neno lake huingia dukani, jikoni, garini, hata kitandani kwa mgonjwa. Wazee walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nao walisema hivyo kabla redio haijaja.

Basi swali letu ni hili: mtangazaji akisema maneno mabaya, je, aadhibiwe? Na kama yafaa aadhibiwe, nani amwadhibu, na kwa adhabu gani?

Wako watu wasemao, "Maneno ni upepo tu, hayavunji mfupa. Mwacheni aseme." Wako na wengine wasemao, "Kila atukanaye redioni na afungwe." Mimi naona kwamba pande zote mbili zimekosea. Lakini msinisadiki kwa sababu nimesema mimi. Tutazame habari tano zilizotokea kweli, kisha kila mtu apime kwa akili yake.

Habari ya kwanza: Nuremberg, 1946

Vita Kuu ya Pili ilikwisha mwaka 1945. Mataifa manne yaliyoshinda, yaani Marekani, Uingereza, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti, yaliweka mahakama katika mji wa Nuremberg, Ujerumani, ili kuwahukumu wakubwa wa serikali ya Hitler. Kati ya washitakiwa walikuwako watu wawili ambao silaha yao ilikuwa maneno.

Wa kwanza ni Julius Streicher, mwenye gazeti. Kwa miaka mingi gazeti lake lilihubiri chuki juu ya Wayahudi. Wa pili ni Hans Fritzsche, mtu wa redio. Sauti yake ilijulikana katika nyumba nyingi za Ujerumani, na tangu 1942 alikuwa mkuu wa idara ya redio katika wizara ya Goebbels, waziri wa propaganda.

Hukumu ilitolewa tarehe 1 Oktoba 1946. Streicher alihukumiwa kufa, akanyongwa mwezi huo huo. Fritzsche aliachiliwa.

Labda mtu atauliza, "Imekuwaje? Wote wawili si walisema maneno ya chuki?" Naam, walisema. Lakini majaji hawakuuliza tu kama maneno yalikuwa mabaya. Juu ya Streicher waliona kwamba aliendelea kutaka Wayahudi waangamizwe, hali akijua ya kuwa walikuwa wakiuawa kweli. Juu ya Fritzsche waliona kwamba hotuba zake zilikuwa na chuki, lakini hakuwaita watu waue. Nia yake, walisema, ilikuwa kuwatia watu moyo wamfuate Hitler na vita vyake.

Jaji wa Kisovieti hakukubali kuachiliwa kwake, akaandika hivyo. Na mwaka 1947 mahakama nyingine, ya Wajerumani wenyewe, ilimpa Fritzsche miaka 9 kambini, akatoka 1950. Hata hivyo mstari ulikuwa umechorwa: kuna neno linaloumiza, na kuna neno linaloua. Mstari huo ndio tutakaoutafuta katika habari zinazofuata.

Habari ya pili: Rwanda na Arusha, 1993 hadi 2007

Sasa tuje karibu na kwetu. Mwezi wa Julai 1993 redio mpya ilianza kusikika Rwanda. Jina lake ni RTLM. Haikuwa kavu kama redio ya serikali. Ilipiga muziki mzuri, watangazaji wake walifanya mzaha na kuongea kama watu waongeavyo njiani, na vijana wakaipenda sana. Jambo hilo mlishike vema. Chuki haikuingia nyumbani kwa sura ya kutisha. Iliingia pamoja na nyimbo na kicheko.

Katikati ya kicheko kile Watutsi waliitwa *inyenzi*, maana yake mende. Fikirini neno hilo. Mende hupigwa kwa kiatu bila mtu kujiuliza mara mbili. Anayemwita jirani yake mende ameanza kumzoeza msikilizaji asione vibaya jirani huyo akiuawa.

Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa Kigali, na mauaji ya kimbari yakaanza. Yalidumu kwa muda wa siku 100 hivi. Umoja wa Mataifa husema waliouawa walizidi 800,000. Serikali ya Rwanda huhesabu zaidi ya 1,000,000. Wengi wao walikuwa Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa kuua. Siku hizo RTLM ilitaja watu kwa majina. Ilitaja mahali walipo, hata namba za magari yao. Walioshika mapanga kwenye vizuizi vya barabarani walikuwa na redio masikioni.

Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, aliyeongoza askari wa Umoja wa Mataifa nchini Rwanda, aliomba redio ile izimwe au mawimbi yake yazibwe. Marekani ilikuwa na ndege ziwezazo kazi hiyo. Mwezi wa Mei 1994 wakubwa wa wizara yao ya ulinzi walijibu kwamba haitafaa sana, na tena ni ghali: dola 8,500 kwa kila saa moja ya kuruka. Basi haikuzibwa, nayo ikaendelea kusema.

Mwezi wa Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilianzisha mahakama ya kuwahukumu wenye makosa hayo. Mahakama hiyo ilikaa Arusha, Tanzania, mpaka ilipofungwa mwisho wa 2015.

Wa kwanza kuhukumiwa hapo katika watu wa redio ile ni mtangazaji aitwaye Georges Ruggiu. Yeye hakuwa Mnyarwanda, alikuwa Mbelgiji. Alikiri makosa yake, na tarehe 1 Juni 2000 akapewa kifungo cha miaka 12. Kisha wakaja wakubwa. Ferdinand Nahimana, mmoja wa walioianzisha RTLM, alikuwa profesa wa historia. Ndiyo, wanafunzi wangu, wa historia, kama somo letu hili. Elimu peke yake haimzuii mtu asitende uovu. Pamoja naye walishitakiwa Jean-Bosco Barayagwiza, mwenzake katika kuianzisha redio hiyo, na Hassan Ngeze, mwenye gazeti.

Kanda za sauti zilichezwa mahakamani, zikafasiriwa neno kwa neno. Tarehe 3 Desemba 2003 wote watatu walionekana na hatia. Mbele ya mahakama Nahimana aliambiwa kwamba bila bunduki wala panga alikuwa amesababisha vifo vya maelfu ya watu wasio na kosa. Akapewa kifungo cha maisha.

Walikata rufani. Tarehe 28 Novemba 2007 majaji wa rufani walipunguza adhabu: Nahimana miaka 30, Barayagwiza 32, Ngeze 35. Walirudi kwenye mstari ule tuliouona Nuremberg. Matangazo ya RTLM ya kabla ya tarehe 6 Aprili 1994, walisema, yalikuwa ya chuki, lakini haikuthibitika kwamba yalikuwa mwito wa wazi wa kuua. Baadhi ya matangazo ya baada ya siku hiyo yalikuwa mwito wa wazi. Nahimana aliadhibiwa kwa haya ya baadaye, kwa sababu alikuwa na uwezo wa kuyazuia asiyazuie.

Uwezo huo ulijulikanaje? Ushahidi ulionyesha kwamba RTLM ilikuwa ikiwashambulia kwa maneno askari wa Umoja wa Mataifa. Nahimana akaombwa ayakomeshe mashambulio hayo, yakakoma. Basi redio ile ilikuwa na breki. Aliyeishika aliikanyaga kwa ajili ya wageni, hakuikanyaga kwa ajili ya majirani.

Habari ya tatu: Marekani, 2007

Mwaka ule ule wa rufani ya Arusha, kulitokea jambo la namna nyingine Marekani. Huko katiba inalinda sana uhuru wa kusema, na serikali haiwezi kumfunga mtu kwa sababu tu ametukana.

Tarehe 4 Aprili 2007 mtangazaji mashuhuri, Don Imus, alikuwa akizungumzia timu ya wasichana wa mpira wa kikapu wa chuo kikuu cha Rutgers. Walikuwa wamefika mchezo wa mwisho wa taifa siku moja kabla, wakashindwa. Wengi wao walikuwa weusi. Imus akafanya mzaha juu ya nywele zao, akawaita kwa neno la kuwavunjia heshima kama wanawake. Hakumwambia mtu yeyote awapige. Alitaka watu wacheke tu. Lakini wasichana wale, waliopaswa kupongezwa kwa jasho lao, walijikuta nchi nzima inazungumza juu ya nywele zao na heshima yao.

Hakukuwa na kesi ya serikali. Watu walilalamika, na wenye biashara wakaondoa matangazo yao. Tarehe 12 Aprili, siku nane tu baada ya maneno yale, kampuni ya CBS ilimwondoa kazini. Imus alikwenda kuwaona wasichana uso kwa uso pamoja na mwalimu wao, C. Vivian Stringer, akawaomba radhi, nao wakampokea. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo alirudi redioni katika kituo kingine. Alifariki 2019.

Wako waliosema adhabu ilikuwa kubwa mno. Wengine walisema ilikuwa ndogo, kwa kuwa alirudi upesi. Lakini angalieni: hakuna aliyekufa, wala mtu hakufungwa, na waliotukanwa walipata nafasi ya kusema wao wenyewe mbele ya taifa zima.

Habari ya nne: Kenya, 2007 hadi 2016

Mwisho wa mwaka huo huo, Kenya ilipiga kura. Matokeo yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, fujo ikazuka. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Wengi walizilaumu redio za lugha za makabila, wakisema zilimwaga mafuta motoni.

Mtangazaji mmoja, Joshua arap Sang wa Kass FM, redio ya lugha ya Kikalenjin, alishitakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague. Mwendesha mashitaka alisema alitumia kipindi chake kusaidia mpango wa mashambulio. Yeye alikana. Kesi ilianza kusikilizwa Septemba 2013. Tarehe 5 Aprili 2016 majaji wawili kati ya watatu waliisimamisha. Ushahidi ulikuwa haukutosha, na jaji mmoja wa hao wawili alieleza kwamba mashahidi walikuwa wameingiliwa. Sang hakupatikana na hatia.

Hapa tunajifunza jambo gumu. Maumivu ya watu si ushahidi juu ya mtu fulani. Wafiwa walikuwa na haki ya kulia, na mshitakiwa alikuwa na haki ya kutohukumiwa kwa kilio. Wenyewe Wakenya walitunga sheria mwaka 2008 juu ya maneno ya kuchochea chuki ya kabila. Ndani yake adhabu iliwekwa: faini isiyozidi shilingi 1,000,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Habari ya tano: Uganda, 2009

Habari ya mwisho yatuonyesha hatari ya upande wa pili. Mwezi wa Septemba 2009 serikali ya Uganda ilimzuia Kabaka wa Buganda asiende Kayunga. Ghasia zikatokea Kampala na kwingineko, watu zaidi ya 20 wakafa. Serikali ikasema redio zilichochea, na baraza lake la utangazaji likafunga vituo vinne, kimoja kikiwa CBS, redio ya Buganda. CBS ilikaa kimya mpaka Oktoba 2010, zaidi ya mwaka mmoja. Ilizimwa kwanza, bila hakimu kusikiliza kanda na kusema hili ni kosa, na hili si kosa.

Redio ikifungwa hivyo, haadhibiwi msemaji peke yake. Huadhibiwa na fundi, na mfagiaji, na mkulima aliyengoja habari za bei. Tena serikali ilikuwa upande mmoja wa ugomvi ule. Wazee walisema, kesi ya nyani usimpelekee ngedere.

Tupime sasa

Basi, wanafunzi wangu, tumesikia habari tano. Mimi nitasema nionavyo, nanyi mtajadiliana darasani.

Wasemao maneno ni upepo, na waende wakasimame mbele ya makaburi ya Rwanda. Na wasemao kila atukanaye afungwe, na wakumbuke redio iliyonyamazishwa mwaka mzima. Mtawala akipewa ruhusa ya kumfunga kila asemaye neno la kuudhi, ataona kwamba neno linalomuudhi yeye ndilo baya kuliko yote. Kesho mkulima akilalamika redioni juu ya bei ya pamba, ataambiwa ametukana.

Kwa hiyo tuulize maswali matatu. La kwanza: neno hili limemwumiza mtu moyo, au limewaita watu wamdhuru mwili? La pili: limesemwa wakati gani? Neno lile lile siku ya amani ni matusi, na siku ya mapanga ni amri. La tatu: nani alikuwa na uwezo wa kulizuia asilizuie? Maana mara nyingi anayekamatwa ni msemaji mdogo, na mwenye kituo anakwenda kulala.

Tukiona ni matusi, dawa yake ni radhi, iombwe redioni pale pale palipotukaniwa, na aliyetukanwa apewe nafasi ya kujibu. Akirudia, mwajiri amwondoe. Tukiona ni mwito wa kudhuru watu, hapo ni mahakamani, mbele ya jaji asiye upande wowote, na kanda ichezwe ili kila mtu asikie.

Lakini adhabu ina udhaifu mmoja, nao tusiufiche. Hufika baada ya mazishi. Hukumu ya Nahimana ilitoka miaka 9 baada ya mauaji. Ilikuwa ya haki, nayo haikumfufua mtoto hata mmoja. Siku redio inapotaja majina ya watu wa kuuawa, kinachotakiwa upesi kuliko gereza ni kuinyamazisha saa ile ile, kisha jambo lipelekwe mbele ya jaji bila kukawia. Mwaka 1994 walikuwako waliojua hivyo, wakahesabu gharama ya mafuta ya ndege.

Na kabla ya siku hiyo, mlinzi wa kwanza ni msikilizaji. Mtangazaji akimwita jirani yako mdudu, nawe ukacheka, umempa ruhusa aendelee kesho. Usicheke. Zima redio, na uwaambie watoto kwa nini umeizima.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.

Maneno ya kujifunza

*Uchochezi*: kuwatia watu hasira au chuki ili watende ubaya.
*Mauaji ya kimbari*: kuua watu kwa nia ya kuangamiza taifa, kabila au dini yao.
*Rufani*: kuomba mahakama ya juu iitazame hukumu tena.
*Kanda*: utepe uliohifadhi sauti.
*Mashitaka*: kosa ambalo mtu anadaiwa kulitenda, kabla halijathibitika.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini Streicher alinyongwa na Fritzsche akaachiliwa?
2. Majaji wa rufani walitenganisha vipi matangazo ya RTLM ya kabla na ya baada ya tarehe 6 Aprili 1994?
3. Je, adhabu ya Don Imus ilitosha? Toeni sababu.
4. Kuna hatari gani serikali ikifunga redio bila mahakama? Na kuna hatari gani redio mbaya ikiachwa iseme?
5. Andikeni sentensi tatu: kama mtangazaji angelitukana kabila la jirani yako leo jioni, ungefanya nini?